Maji Yasiyozuia Risasi: Kuisoma Kinjeketile Arua na Koboko kwa Jicho la Asiyeamini

Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969. Walimu wengi wamekwisha kuihakiki kwa upande wa siasa: umoja wa makabila, uonevu wa Mjerumani, na mbegu ya uhuru iliyopandwa katika vita vya Maji Maji. Hayo ni ya kweli, wala hatuna nia ya kuyapinga. Hapa twataka kuitazama kwa upande ambao darasani huguswa kwa haraka kisha ukaachwa, nao ni upande wa imani na wa kutoamini. Na mahali tunapotaka kuisomea ni mbali na Kilwa alikozaliwa mtunzi. Ni Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako watu walipata kuyanywa maji yao wenyewe wakitaraji kinga ya risasi.

Kabla ya kuendelea, ni haki msomaji ajue anayesema naye ni nani. Sisi tuandikao hatuna dini. Hatusali msikitini wala kanisani, wala hatuwatambikii wahenga. Hatulisemi jambo hili kwa majivuno wala kwa kuomba radhi. Twalisema kwa sababu mhakiki anayejadili imani za watu huku akificha aliposimama yeye mwenyewe ni sawa na mchuuzi anayepima kwa mizani asiyotaka ikaguliwe.

Hoja yetu ni hii. Swali la kwamba maji yazuia risasi au hayazuii ni swali moja. Swali la kwamba aliyeyanywa, au aliyekataa kuyanywa, atendewe nini na jirani zake, na shule, na serikali, ni swali la pili, tena tofauti kabisa. Jamii inayoyachanganya maswali haya mawili aghalabu huishia katika dhuluma. Tamthilia ya Kinjeketile yatusaidia sana kuyatenganisha, ingawa, kama tutakavyoonyesha, haikuufikia mwisho wa njia.

Shaka ya Kinjeketile

Kisa chenyewe chajulikana. Watu wa kusini mwa Tanganyika wanateseka katika mashamba ya Mjerumani, na kila kabila lina kinyongo na jingine. Kinjeketile anashikwa na pepo Hongo, anaingia katika maji ya mto Rufiji, anatoka na maji yatakayowaunganisha watu na kuwakinga na risasi. Watu wanaamini, makabila yanapatana, vita vinakuwa. Mtunzi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti mwaka 1905. Huyu wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, na kwa hiyo twaweza kumwuliza maswali ambayo yule wa historia hakuachiwa nafasi ya kuyajibu.

Kwa maoni yetu, kitovu cha tamthilia hii ni ile saa ambapo nabii mwenyewe anaingiwa na shaka. Alipokuwa amepandisha pepo alitamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anashituka. Kama Mjerumani atafukuzwa ili watu waingie chini ya Sultani wa Unguja, basi ni ukombozi gani huo? Na pepo aliyesema kwa kinywa chake alimtumikia nani? Tangu hapo Kinjeketile anawasihi watu wangoje. Hawangoji. Neno alilolizaa limekwisha kuwa kubwa kumshinda aliyelizaa.

Mtunzi anafanya hapa jambo ambalo ni nadra katika fasihi yetu. Shaka haikuwekwa katika kinywa cha mgeni, wala cha mlevi, wala cha kijana aliyeharibiwa na shule za Kizungu. Imewekwa katika moyo wa mtu mwenye heshima kuliko wote jukwaani. Hebu tulinganishe na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ni mtu wa maswali mengi juu ya Mungu na juu ya maana ya maisha, na mwisho wake ni kujiua. Hatumlaumu Kezilahabi, riwaya yake ni nzito na ya kweli. Lakini mwanafunzi anayeisoma bila mwalimu mwangalifu huondoka na fikira kwamba kutoamini ni ugonjwa, na dawa yake ni kaburi. Kinjeketile yamwonyesha kwamba kuna shaka inayotokana na kuwapenda watu na kuyahofia maisha yao.

Maji ya Yakan

Sasa twende Koboko, mji ulio karibu na mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, katika nchi ya Wakakwa. Wakakwa wameenea pande zote tatu za mipaka hiyo. Kusini yao, kuzunguka Arua, wanakaa Walugbara. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 likaingia chini ya utawala wa Sudan mwaka 1910. Na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda, ndipo mji wa Arua ukawekwa kuwa makao ya wilaya. Katika muda wa miaka isiyozidi mitano watu walibadilishiwa watawala watatu, na hapana aliyewauliza.

Katika miaka hiyo ya vurugu na ya maradhi ya watu na mifugo, alikuwako nabii wa Kikakwa aliyeitwa Rembe. Aliwagawia watu maji yaliyoitwa Yakan, nao Wazungu wakayaita maji ya Allah. Aliyeyanywa aliahidiwa kwamba risasi hazitamdhuru na kwamba wafu watarudi. Rembe alikamatwa na kuuawa huko Yei, upande wa Sudan, mwaka 1917. Mwaka 1919 kulitokea mapambano kati ya wafuasi wa Yakan na polisi wa serikali, na wakubwa kadha waliohusishwa na jambo hilo wakaondolewa katika nchi yao. J. H. Driberg aliandika juu ya Yakan mwaka 1931, na John Middleton, aliyekaa na Walugbara kuanzia mwaka 1949, akaieleza kwa kirefu zaidi.

Msomaji ataona mara moja jinsi Rufiji na Koboko zinavyofanana: maji yale yale, ahadi ile ile, bunduki zile zile. Nasi tusioamini twasema waziwazi kwamba maji ya Rufiji hayakuzuia risasi, na ya Yakan pia hayakuzuia. Mwaka 1987, kaskazini ya Uganda, wapiganaji wa Alice Lakwena walijipaka mafuta wakiamini risasi hazitawapata. Nao walishindwa karibu na Jinja mwezi wa Novemba mwaka huo, baada ya vijana wengi kufa. Kuuficha ukweli huo kwa ajili ya kuheshimu utamaduni si heshima. Ni kuwaacha vijana wengine waende kwenye mtutu wa bunduki kifua wazi.

Hata hivyo waliokunywa hawakuwa wapumbavu. Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya dini ya Walugbara, alionyesha kwamba matambiko ya wahenga yalikuwa pia lugha ya madaraka: nani ana haki ya kumwonya nani, nani atamrithi mzee, ukoo ugawanyike lini. Mtu aliyekuwa akiwaita wahenga alikuwa akizungumza juu ya mambo ya duniani kwa maneno ya kuzimu. Vivyo hivyo Yakan. Watu wa makabila na koo zilizokuwa zikipigana walipata kikombe kimoja cha kunywea, na neno moja la kumwambia mtawala: hatukukuchagua. Asiyeamini anayeliona kosa la maji tu, asiione haki iliyokuwa ndani ya kikombe, amesoma nusu ya kitabu.

Mahakama Mbili

Tuurudie mwisho wa tamthilia. Kinjeketile yuko mikononi mwa adui. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa yeye ndiye aliyeanza kuyatilia shaka. Anaona kwamba akikiri, watoto watakaozaliwa wataambiwa kuwa hata kule kupigana kwa ajili ya haki kulikuwa uongo.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, mtu asiyeamini atamsifu vipi Kinjeketile kwa kukataa kusema ukweli? Jibu letu ni kwamba kuna mahakama mbili, na ukweli hausemwi kwa namna moja katika zote mbili. Mahakama ya kwanza ni ya mshindi. Anayehukumu humo hatafuti ukweli; anatafuta unyenyekevu. Ofisa wa Kijerumani hakuyacheka maji kwa sababu ya kuipenda elimu. Aliyacheka kwa sababu ana bunduki, na yeye mwenyewe ana kitabu chake anachokiapia. Vivyo hivyo Mwingereza aliyewatawanya wafuasi wa Yakan hakuwa ameondoa imani na kuweka akili mahali pake. Aliondoa imani isiyokuwa na bunduki ili kuipa nafasi yenye bunduki. Katika mahakama kama hiyo, kunyamaza kwa Kinjeketile ni ushujaa.

Mahakama ya pili ni baraza la watu wetu wenyewe. Humo hapana adui wa kumpendeza. Kuna ndugu ambao kesho watakufa kwa neno letu. Humo shaka lazima isemwe, na mwenye kuisema lazima alindwe. Na hapa ndipo msiba wa tamthilia ulipo: Kinjeketile alijaribu kusema katika baraza hilo la pili, lakini hapakuwa na nafasi ya mtu wa kusema ngojeni. Walioyapenda maji walikuwa wamekwisha kuifanya imani kuwa kipimo cha uaminifu kwa nchi. Tukiyashika mambo haya mawili pamoja, twapata kanuni ya uvumilivu: nisiwe na bunduki nyuma ya kicheko changu ninapoikosoa imani yako, nawe usiwe na bunduki nyuma ya sala yako ninapokataa kuisali.

Dini Inapogeuka Ngazi

Kanuni hiyo haikufuatwa West Nile, wala Uganda kwa jumla, na historia yake yatosha kuwa kitabu cha mafunzo kwa wote wanaotaka dini itawale mambo ya umma.

Mwanzo ilikuwa shule. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, na mapadri Wakomboni kutoka Italia walianzisha misheni zao katika miaka hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari kazi ya kufundisha. Hatutaki kuwanyima haki yao: waliandika lugha za wenyeji, walijenga hospitali, na wazee wengi wenye busara walitoka katika madarasa yao. Lakini mlango wa shule ulikuwa na ubatizo juu yake. Mwana wa Mwislamu, au wa mzee aliyebaki na wahenga wake, alitakiwa kuchagua kati ya kitabu na baba yake. Waislamu wengi wakabaki nyuma katika elimu, wakaenda katika jeshi, biashara na udereva. Kisha wakalaumiwa kwa kutosoma. Ilipofika miaka ya 1963 na 1964, serikali ya Uganda huru ilipozishika shule za misheni, pengo lilikuwa limekwisha kuchimbwa kwa miaka arobaini na zaidi.

Kisha ngazi ikageuzwa. Idi Amin, aliyekuwa Mkakwa kwa baba na Mwislamu kwa dini, alichukua serikali tarehe 25 Januari 1971. Wako waliobadili dini ili kupata vyeo. Mwaka 1973 madhehebu kadha madogo, wakiwamo Mashahidi wa Yehova, yalipigwa marufuku. Na mwaka 1977 yakapigwa marufuku mengine mengi, pamoja na dini ya Wabahai, ambao hekalu lao la Kampala lilikuwa limesimama tangu mwaka 1961. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi wa Februari mwaka 1977 pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Na aliyeshika kiti cha Luwum ni Silvanus Wani, Mkakwa kama Amin, Mkristo wa kutoka West Nile. Jambo hili walimu wangelikumbuka kila waonapo kabila la mtu likitumiwa kukisia dini yake na siasa yake.

Serikali ya Amin ilipoanguka mwezi wa Aprili mwaka 1979, ngazi ikageuzwa tena, ikawa rungu. Mwezi wa Juni mwaka huo, upande wa Bushenyi, wanavijiji Waislamu waliuawa kwa kosa la kuwa na dini moja na mtawala aliyekimbia. Huko West Nile, baada ya askari wa zamani kushambulia Koboko na Arua mwezi wa Oktoba mwaka 1980, jeshi la serikali mpya lililipiza kisasi kwa raia, na watu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu mengi. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamejificha, wakawaua wengi. Risasi za siku ile hazikuuliza nani amebatizwa. Kuwa mtu wa West Nile kulitosha. Mark Leopold, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya Arua, ameonyesha jinsi sifa ya ukatili waliyobandikwa watu wa eneo hili ilivyotengenezwa kwa muda mrefu na watu wa nje, kisha ikatumiwa kuhalalisha ukatili juu yao.

Yatupasa tuseme wazi kwamba hatudai dini ndiyo iliyoua. Walioua walikuwa watu, na wengi wao walitafuta ng'ombe, vyeo na kisasi. Tunachodai ni kwamba, pale cheo, shule na usalama vilipofungwa katika dini ya mtu, kila badiliko la serikali likawa badiliko la nani astahili kuishi. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Na ngozi yenyewe ilikuwa ya binadamu.

Lugha Nayo Hubagua

Sisi walimu wa lugha tuna fungu letu katika kosa hili, maana kuna ubaguzi unaokaa katika maneno. Tukitaka kusema kwamba mtu ni mkatili, asiye na huruma hata kidogo, twasema kwa Kiswahili: yule hana dini. Basi mtu ambaye kweli hana dini atajielezaje? Kila anapotaja hali yake amekwisha kujishitaki. Maneno mengine tuliyo nayo, kama kafiri, mpagani na mkanamungu, yote yalifinyangwa na upande wa pili. Ndiyo sababu katika makala haya tumependa kusema asiyeamini, neno linalotaja jambo bila ya kutukana. Nchini Uganda, kwa Kiganda, neno okusoma lilikuja kuwa na maana ya kusoma kitabu na pia ya kwenda kusali, na wale Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Maana hizo mbili zilipofungwa pamoja, aliyekataa kusali akahesabiwa amekataa elimu.

Okot p'Bitek, Mwacholi ambaye hakuficha kwamba hana dini, ametuachia mfano wa ajabu katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno la kuumba, swali likageuzwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakafikiri, wakakumbuka kwamba mtu mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo hupindwa, akawa kama aliyefinyangwa upya, na kwamba mwenye kumpinda ni pepo aitwaye Rubanga. Wakajibu: Rubanga. Na tangu hapo pepo wa vibyongo akawa Muumba katika vitabu vya misheni. Okot alitumia kisa hicho kuwaonya wataalamu, Wazungu na Waafrika pia, wasiivike miungu yetu nguo za kuazima. Sisi twaongeza kwamba hao wazee hawakuulizwa kama walikuwa na haja ya muumba. Swali lenyewe lilikuwa na jibu ndani yake.

Na Kiswahili chenyewe kimeonja ubaguzi wa dini. Askofu Tucker, tofauti na mmisionari Mackay aliyemtangulia, alikipinga nchini Uganda kwa kuwa alikiona kimeshikamana mno na Uislamu. Gavana Gowers alipotaka kukieneza kuanzia mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga mwaka 1929, na upinzani wa kanisa ukaendelea. Amri ya Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa ikawaongezea wengi sababu ya kukichukia, kwamba ni lugha ya askari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili. Basi mwalimu wa Kiswahili aliyeko Arua, ambaye lugha yake imehukumiwa kwa dini isiyokuwa lazima awe nayo, angetarajiwa kuwa wa kwanza kuelewa uchungu wa kuhukumiwa namna hiyo.

Sheria na Desturi

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema katika kifungu cha 7 kwamba nchi haitakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 21 chakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na cha 29 chalinda uhuru wa fikra, wa dhamiri na wa imani. Hayo ni maneno mema. Lakini wito wa taifa waanza na Mungu kabla ya kuitaja nchi. Mikutano ya umma hufunguliwa kwa sala. Na fomu nyingi za shule na za kazi zina mstari wa dini. Tumewahi kuandika katika mstari huo neno hakuna, fomu ikarudishwa tuijaze vizuri. Si dhuluma kubwa, hapana aliyekufa. Lakini yaonyesha kwamba Mkristo na Mwislamu wamekwisha kuzoeana kwa kiasi kwamba kila mmoja anajua mahali pa kumweka mwenzake, na asiye na mahali anaonekana kuwa kosa la mwandishi.

Nchini Kenya jambo hili lilifika mbali zaidi. Chama cha wasioamini kiliandikishwa mwezi wa Februari mwaka 2016, na mwezi wa Aprili Mwanasheria Mkuu akausimamisha uandikishaji huo, na shauri likafika mahakamani. Lililobishaniwa halikuwa kama Mungu yuko; lilikuwa kama raia wa namna hii wana haki ya kukutana.

Lakini uvumilivu tunaoudai si wa upande mmoja. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere waliomba wasilazimishwe masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003, na Mahakama Kuu ya rufani ya nchi ikawakatalia tena mwaka 2006. Sisi hatuitukuzi Jumamosi wala Jumapili wala Ijumaa. Hata hivyo twaona kwamba chuo kinachopumzika Jumapili hakikosi upendeleo kwa kusema kwamba kinawatendea wote sawa. Asiyeamini ambaye hawezi kumtetea Msabato hastahili kutetewa na mtu.

Upungufu wa Tamthilia

Tumesema tangu mwanzo kwamba tamthilia hii haikuufikia mwisho wa njia. Upungufu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba shaka ndani yake ni ya mkubwa peke yake. Kinjeketile ana shaka kwa kuwa pepo alisema naye. Kitunda, kiongozi wa askari, ana tahadhari kwa kuwa anajua vita. Je, yule mwanakijiji wa kawaida, mwanamke anayelima shamba la Mjerumani, ambaye tangu mwanzo hakuyaamini maji, yuko wapi? Je, aliyekataa kikombe aliitwaje na jirani zake? Alihesabiwa msaliti? Mtunzi hakumpa jukwaa. Huenda sanaa ilimlazimisha, maana tamthilia haiwezi kubeba wote. Lakini kukosekana kwake kwaacha fikira kwamba jamii ya zamani ilikuwa na moyo mmoja, na kwamba kutoamini kulikuja na meli. Wazee wa Kiacholi wa Okot, waliokuwa wakiishi bila kumtafuta mfinyanzi, watushuhudia kwamba haikuwa hivyo.

Udhaifu huo haupunguzi ukubwa wa kazi ya Ebrahim Hussein. Wampa mwalimu kazi ya kufanya. Mwalimu wa Arua au Koboko aweza kuwaambia wanafunzi wamtunge mhusika huyo aliyekosekana: mtu aliyekikataa kikombe cha Yakan, kisha polisi walipokuja akakataa pia kuwataja waliokinywa. Tungependa kusikia anavyosema na Rembe, anavyosema na polisi, na jirani zake wanavyomtendea siku ya pili yake. Wanafunzi Wakristo na Waislamu watamtunga mtu ambaye hafanani nao, na katika kumtafutia maneno itawabidi wamsikilize. Zoezi hilo lafundisha fasihi, na kwa njia hiyo lafundisha uraia pia.

Maji hayakuzuia risasi. Kitakachozizuia, kama kiko, ni mazoea ya watu ya kutoulizana dini kabla ya kupeana shule, kazi na hifadhi. Mazoea hayo hayatoki mbinguni. Hufundishwa, na kazi ya kufundisha ni yetu.